Wasomaji wa Chesisi

Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, uombe spea kwa kutaja jina la gari peke yake. Muuzaji hatanyanyuka kitini. Atakuuliza, "Chesisi namba?" Swali hilo huwaudhi wateja wengi, hasa aliyekuja kwa miguu juani baada ya kuliacha gari lake juu ya jeki. Kwangu mimi, swali hilo ndipo unapoanzia ufundi mmoja ambao hatujaupa heshima yake: ufundi wa kulitambua gari.

Sizungumzii kulitambua gari linalojaa barabarani. Vitz, Noah na Probox hata mtoto wa shule anazijua kwa mlio. Nazungumzia gari lililotengenezwa kwa miaka michache tu, likauzwa Japani peke yake, likazeeka huko, kisha likanunuliwa mnadani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam bila kitabu chake, bila ajenti, na bila fundi yeyote mtaani aliyewahi kulifungua. Siku linapokorofisha, mwenye gari huzunguka gereji tatu nne akiambiwa halina spea. Mwishowe hufika kwa mtu mmoja, aghalabu mzee, ambaye halijibu swali la spea kwanza. Anaomba boneti ifunguliwe, anatafuta kibati, anakifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, kisha anakisoma taratibu kwa kidole. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Kwa kweli sisi wa Afrika Mashariki ni watu wa kusoma chesisi tangu zamani, ila tumezoea mno hata hatuoni ajabu yake. Mkenya akitangaza kwamba anauza "NZE", hakuna anayeuliza ni gari gani. Akisema "110", wanunuzi wanajua ni Corolla ya AE110. Haya si majina ya kibiashara, na hayakuwahi kubandikwa nyuma ya buti. Ni alama za kiwandani zilizopigwa kwenye kibati kwa matumizi ya mafundi, nasi tukazitoa humo tukazifanya lugha ya sokoni.

Alama hizo zina utaratibu wake. Kwa magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo, herufi za mwanzo hutaja ukoo wa injini, herufi ya mwisho hutaja ukoo wa gari, na tarakimu hufuata kutaja kizazi na toleo. Katika NZE121, NZ ni injini ya 1NZ na E ni ukoo wa Corolla. Katika HZJ79, HZ ni ile dizeli ya 1HZ yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na J ni ukoo wa Land Cruiser. GX110 ni injini ya G ndani ya ukoo wa X, yaani Mark II. Vitz mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa moja SCP na nyingine NCP, moja ikiwa na injini ya SZ na nyingine ya NZ, na anayenunua gasketi bila kujua tofauti hiyo atarudi dukani siku hiyo hiyo.

Mbele ya alama hiyo, kwenye karatasi za mnada na kibati chenyewe, huwa kuna herufi nyingine kabla ya kistari. Msomaji mzuri haziruki. DAA humwambia kwamba gari ni haibridi, kama Prius ya ZVW30. DBA ni gari la petroli lililotimiza viwango vya moshi vya 2005. E peke yake, ikifuatwa na kistari, ni gari la petroli la miaka ya 1980 au 1990. Kwa hiyo kabla hujafika hata kwenye jina, umeshajua umri, mafuta na injini. Na kwa kuwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 ambayo kompyuta za Ulaya na Marekani zinaidai, mashine nyingi za kisasa hushindwa kuyatambua. Jicho la fundi halishindwi.

Sasa weka mbele ya jicho hilo kibati kilichoandikwa E-EXY10.

Msomaji anaanza: E na kistari, basi gari ni la zamani kidogo, la petroli. E inayofuata ni ukoo wa injini, nao anaufahamu vizuri, kwani ndio uliokuwa ndani ya Starlet ya EP82 iliyozagaa katika miji yetu. XY hajawahi kukutana nayo. 10 ni kizazi cha kwanza. Hapo ameshika jambo kubwa. Amepata gari geni lenye moyo anaoujua. Anainua kichwa kulitazama, na anachokiona ni Toyota Sera.

Sera ilianza kama gari la maonyesho, AXV-II, lililowekwa mbele ya umma Tokyo mwaka 1987. Magari mengi ya maonyesho huishia jukwaani. Hili liliingia sokoni mwaka 1990, likaendelea hadi 1995, na jumla yake haikufika 16,000. Milango yake hufunguka kwenda juu na mbele kwa pamoja, kama mabawa ya kipepeo, kwa sababu bawaba moja iko chini ya nguzo ya kioo cha mbele na nyingine iko juu, kwenye paa. Kioo cha mlango hakiishii pale dirisha linapoishia kwa kawaida. Kinapinda na kupanda mpaka kuwa sehemu ya paa, hata aliyeketi ndani anakuwa amezungukwa na kioo pande zote na juu.

Hebu fikiria kazi iliyomo ndani ya mlango huo. Mlango wa kawaida unahitaji bawaba mbili zilizosimama kwenye mstari mmoja wa wima, na uzito wake unabebwa na nguzo. Mlango wa Sera una mstari wa mzunguko uliolala kwa mshazari, na uzito wa kioo chote hicho unatakiwa uinuliwe na mtu mmoja kwa mkono mmoja. Shokapu za gesi ndizo zinazosaidia, lakini gesi husinyaa kwenye baridi na kutanuka kwenye joto, hivyo mlango uliopimwa vizuri wakati wa kiangazi ungekuwa mzito wakati wa theluji. Wahandisi wakaongeza kifaa cha kufidia tofauti ya joto. Yote hayo kwa gari dogo la vijana lenye injini ya lita 1.5. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, alipata wazo la milango ya gari lake kutoka kwa Sera. McLaren F1 zilikuwa 106 tu, na leo huuzwa kwa mamilioni ya dola, ilhali gari lililoipa wazo linaweza kuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, milango ikiwa imefungwa kwa kamba kwa sababu shokapu zimekufa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya anayeshangaa na anayejua. Anayeshangaa hupiga picha ya milango. Msomaji wa chesisi anakwenda kwenye injini, anaona 5E-FHE, na anaanza kuhesabu ni vitu gani vya Starlet vitaingia na vipi havitaingia. Gari lililoambiwa halina spea sasa lina spea nusu ya mtaa, isipokuwa vioo na milango. Amelitoa katika upweke wake na kulirudisha kwenye ukoo.

Nissan ilitoa darasa la namna hiyo mara tatu mfululizo. Mwaka 1987 ilitoa Be-1, magari 10,000 tu, na waliotaka kununua walikuwa wengi mno hata ikabidi ipigwe kura. Mwaka 1989 ikaja Pao, iliyopokelewa oda kwa miezi mitatu tu, nazo zikapita 50,000. Mwaka 1991 ikaja Figaro, 20,000, kwa kura tena. Ukiyapanga matatu hayo pamoja huwezi kudhani ni ndugu. Be-1 ni la mviringo na lina uso mpole. Pao lina bawaba za milango zilizoachwa nje zionekane, mbavu zilizopigwa kwenye bodi, na madirisha ya pembeni yanayokunjuliwa kwenda juu. Figaro lina paa la kitambaa linalovutwa nyuma huku nguzo za pembeni zikibaki zimesimama, na liliuzwa kwa rangi nne, kila rangi ikiwa ya msimu mmoja wa mwaka.

Soma kibati: BK10, PK10, FK10. Herufi ya kwanza inabadilika, K10 inabaki pale pale. Chini ya magari yote matatu kuna Nissan March ya kizazi cha kwanza, na injini ya MA10 yenye sentimita za ujazo 987. Figaro iliongezewa turbo ikafika nguvu farasi 76.

Kinachonivutia zaidi katika magari haya ni jinsi yalivyotengenezwa. Kiwanda kikubwa cha magari kinaishi kwa kalibu za kugandamiza mabati, na kalibu hizo ni ghali kiasi kwamba hazilipi mpaka magari mengi sana yatoke. Gari la 10,000 halistahili hesabu hiyo. Nissan ikaipa kazi kampuni ndogo ya Takada Kogyo, na Be-1 ikapewa paneli za plastiki upande wa mbele badala ya bati. Gari lililotoka kwenye karakana ya namna hiyo linaonyesha mkono ulioligusa. Ukipitisha kidole kwenye maungio ya Pao utakuta mambo ambayo gari la laini kubwa lisingevumilia, kama bawaba zilizo nje ambazo hakuna mashine iliyodai ziwe hapo. Mtu alizitaka. Nadhani ndiyo sababu Waingereza, ambao kama sisi huendesha upande wa kushoto, walizichukua Figaro kwa wingi zilipochakaa Japani, wakazitunza kuliko hata wenyewe.

Kuna wakati kibati hakipo. Kimeng'oka, kimepakwa rangi na fundi asiyejali, au kutu imekila. Hapo usomaji unahamia kwenye bodi, na ndipo unapomtofautisha bingwa na mwanafunzi. Mwanafunzi hutazama taa na nembo, vitu viwili vilivyo rahisi kuliko vyote kubadilisha. Bingwa hutazama paa, kioo cha mbele na milango, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyogharimu sana kuvibadilisha, na anayetengeneza gari jipya juu ya gari la zamani huviacha kama vilivyo.

Mfano wake mzuri ni Mitsuoka Viewt. Mitsuoka ni kampuni ya mji wa Toyama, iliyoanzishwa mwaka 1968, na kazi yake kubwa ni kuchukua magari ya kampuni nyingine na kuyavalisha bodi mpya kwa mikono. Viewt ilipotoka mwaka 1993 ilikuwa na pua ndefu, grili ya kung'aa na taa za mviringo, umbo la Jaguar Mk2 ya Uingereza. Aliyelitazama kwa mbele angeapa kwamba ni gari la miaka ya 1960. Lakini milango ile, mwinuko ule wa paa, pembe ile ya kioo: ni Nissan March ya K11, ambayo mafundi wetu wameifungua mara nyingi. Fundi anayelijua hilo hataagiza pampu ya maji kutoka Toyama. Ataipata kona ya pili.

Mara nyingine mambo hugeuka: bodi ni moja, majina ni mawili. Mwaka 1992 Mazda ilitoa Autozam AZ-1, gari dogo la viti viwili, uzito wa kilo 720, injini ya Suzuki yenye turbo ikiwa nyuma ya viti, na milango inayonyanyuka moja kwa moja kutoka kwenye paa. Mifupa yake ni ya chuma, na ngozi yake ni paneli za plastiki yenye nyuzi za kioo ambazo zinaweza kufunguliwa zote, mifupa ikabaki inasimama na kutembea yenyewe. Yalitoka takriban 4,400. Suzuki nayo ikauza machache, takriban 530, kwa nembo yake na jina la Cara. Kwa macho huwezi kuyatenganisha ila kwa nembo na bampa. Kwenye kibati moja ni PG6SA na lingine PG6SS. Herufi moja ya mwisho ndiyo yote iliyosimama kati ya gari adimu na gari adimu zaidi, na mtu ameliuza la pili kwa bei ya la kwanza kwa kutoinama kusoma.

Sitaki nieleweke kwamba ufundi huu unahusu bahati ya kuokota kito. Wanunuzi wa kito wapo, na wengi wao hawasomi lolote. Husubiri kuambiwa. Ninaowasifu wanasoma magari yote, kila siku, ya kawaida na yasiyo ya kawaida, na kwa sababu hiyo lile la ajabu likija wanalitambua mara moja. Mtu ambaye hajasoma NZE elfu moja hawezi kuona kwamba EXY ni kitu kipya. Huwezi kujifunza hili kwa picha za magari adimu. Unajifunza kwenye Corolla.

Na unajifunza kwa subira ya vitu vidogo: kusugua namba iliyofifia kwa chaki nyeupe mpaka mikato isimame, kuweka karatasi juu yake na kupitisha penseli, kulinganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari, kutazama nembo ndogo kwenye pembe ya kila kioo ili kujua kipi kilibadilishwa. Wengine wana daftari. Nimeyaona madaftari hayo, yenye kurasa zilizonyonya mafuta, kila mstari una alama ya chesisi upande mmoja na upande wa pili spea iliyokubali kuingia na gari ilikotoka. Hakuna kiwanda kilichochapisha habari hizo. Ni elimu iliyotengenezwa Gerezani, Kirinyaga na soko la Kisekka la Kampala, na ikifa na mwenye daftari hakuna wa kuirudisha.

Hofu yangu hii ina sababu, maana tuna magari yetu wenyewe ambayo yamekaribia kusahaulika. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Yakatoka matano, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa kwa wananchi mwaka 1990, na katika majaribio yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Uzalishaji haukuanza. Kibaha, mkoani Pwani, wahandisi wa Kituo cha Teknolojia ya Magari walitengeneza lori la Nyumbu, na Watanzania wengi wanalijua jina hilo bila kuwahi kuliona lori lenyewe kwa karibu. Kijana wa leo anaweza kukueleza kila toleo la Subaru, lakini ukimwonyesha picha ya Pioneer atakuuliza ni gari la nchi gani. Gari la watu wengine tumelisoma mpaka herufi ya mwisho, na la kwetu hatukuliwekea hata daftari.

Magari niliyoyataja humu hayataongezeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, kwa hiyo Sera au Figaro iliyoko hapa leo ndiyo hiyo, na ikikatwa hakuna meli itakayoleta nyingine kirahisi. Basi kama nyumbani kwenu kuna gari la marehemu babu au mjomba limelala nyuma ya banda, halifanani na lolote mtaani, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili, fungua boneti kwanza. Futa kibati, andika herufi zote pamoja na zile za kabla ya kistari, tafuta kadi yake, halafu upeleke karatasi hiyo kwa mzee wa spea anayeuliza chesisi namba. Na ukimkuta ana daftari, muombe ruhusa ulinakili.